Jeki Nimeazima

Mama Pacha aliamka na hasira, na kila kamba aliyoikaza ilizidi kumpandisha mori. Mumewe alikuwa chini ya pikapu akikaza nati. Yeye alikuwa juu akifunga turubai, maana hela ya gesti hawakuwa nayo. Njia nzima mpaka kwa mama mkwe wangelala humo nyuma. Magodoro alipanga yeye, madumu ya maji alijaza yeye, hata jiko alilifunga yeye kwa waya lisicheze. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, alipewa kazi moja tu: kushughulikia jeki.

Juzi alipoulizwa alijibu, "Jeki nimeazima, shemeji. Wewe lala usingizi."

Mama Pacha akalala kweli, akijua jamaa ameona ile yao imechoka, akaenda kuomba nzima.

Sasa alipekua nyuma ya kiti akakuta tambara tupu.

"Jeki iko wapi?"

Shemeji alikuwa keshajinyoosha juu ya godoro. Hata macho hakufumbua. "Si nilikwambia nimeazima? Nimemwazima jirani, alipata pancha."

"Na sisi tukipata?"

"Mungu ni mwema, shemeji."

Mama Pacha alilishika godoro kwa mikono miwili akalivuta, mpaka shemeji na mto wake wakateremka chini pamoja.

"Haya, na wewe nimemwazima jirani," akamwambia. "Rudini wawili, wewe na jeki. Jeki ikija peke yake, tutaondoka nayo."