Msalaba wa Thelathini na Nane

"Kunja, zungusha, pitisha," Mwalimu Bernardine alirudia, sauti imemkauka. Watoto thelathini na wanane wa darasa la kwanza walikuwa wakisokota misalaba ya Pasaka kwa majani ya mchikichi. Karatasi za rangi alizoziomba utawalani tangu Januari hazikuja, na gundi ndiyo usiseme. Majani yalikuwa ya bure, na katika mwaka huo wa nne wa uhuru mwalimu wa Uvira alifundishia vya bure.

Saa nne mmoja wao, Sidonie, alishikwa na homa. Bibi yake, muuza ndizi wa nje ya shule, alimbeba mgongoni wakaondoka polepole, kwa goti lake bovu, kuelekea kwao, ng'ambo ya daraja la Mulongwe. Mtoto hakukubali kuuacha msalaba wake.

Haikupita hata robo saa, ajenti wa utawala akaingia bila hodi, bunda la karatasi nyeupe kwapani. Askari wanne walibaki nje kwenye gari la jipu.

"Nani alikuruhusu kushikisha batoto majani?"

"Iko misalaba ya Pasaka, Bwana Ajenti."

"Kule Bwegera baasi, bale benye kupigana na serikali, banajifunga majani ku kichwa. Tukitoka hapa tunaenda kufunga daraja. Muntu mwenye kupita na jani atafungwa, akuwe mukubwa ao mutoto. Kusanya yote."

Bernardine aliikusanya. Watoto wengine walilia. Ajenti alihesabu mmoja mmoja, kisha akafungua rejista.

"Batoto thelathini na nane. Misalaba thelathini na saba. Nani ametoka na wake?"

"Hakuna. Leo bamekuya thelathini na saba. Minye nilikosea mu rejista."

Hakuwahi kusema uongo mbele ya wanafunzi wake. Walimkodolea macho, wote, na hakuna aliyemtaja Sidonie.

"Kukosea mu rejista ya serikali?" Ajenti alitabasamu kama mtu aliyepata alichokuja kutafuta. "Basi weye kazi imeisha leo. Naandika ripoti, unasaini."

Akaketi kwenye meza ya mwalimu, akachovya kalamu. Aliandika kwa madaha, kila herufi na mkia wake. Wiki zote zile alizokwenda ofisini kwa ajenti kuomba karatasi, Bernardine aliuchukia uvivu wa mkono huo. Sasa aliufuata mstari kwa mstari. Miaka kumi na moja ya chaki ilikuwa inamtoka, na aliona uchungu wake, lakini alikuwa akiwaza goti bovu la yule bibi na umbali uliobaki hadi darajani kabla askari hawajalifunga.

Alisaini. Ajenti akasimama, akavaa kofia.

"Na kopi ya Padri?" Bernardine aliuliza.

"Kopi gani?"

"Minye niko mwalimu wa misioni. Bila kopi yao, hii karatasi haiko na nguvu."

Ajenti alichungulia nje, akawaona askari wanasinzia. Akavua kofia, akaketi, akavuta karatasi nyingine na kuanza upya tangu tarehe.