Mtaala Usiomuudhi Mtu

Rispah hakuwa mtu wa kukosa dini. Alikuwa nayo ya kula na ya kuweka akiba. Binti wa mzee wa kanisa, hata pale Jeddah, ambako kanisa halipo, Ijumaa alifunga madirisha akaimba nyimbo zake kwa sauti ya chini. Sasa huyo ndiye aliyekwenda kuchagua mtaala usio na dini. Ya Mungu ni mengi.

Chanzo kilikuwa Ashley, mwanawe wa pekee, aliyetimiza miaka saba hajui kusoma. Ada za shule za Kiingereza hazikuwa za mshahara wa Zablon, mumewe, aliyekuwa akipiga watu eksirei katika kliniki moja ya mtaa wa Al-Baghdadiyah. Mwaka 2014 ulipoanza, Zablon akatoa kauli: "Desemba ikifika kama hajui kusoma, anarudi Kenya, Rongo kwa mama. Shule iko, nyanya yuko, mafi mushkila."

Kwake mushkila hakuna. Rispah alimpata mtoto huyo baada ya mimba kuharibika mara kwa mara, na kumtoa Ashley kwake ilikuwa kumtoa roho. Usingizi ukampaa.

Basi akaungana na majirani wawili wa ghorofa lao, wenye watoto wa rika hilo: Selipher, Msabato wa kufa na kupona, na Mwanaidi wa Mombasa, ambaye swala haimpiti. Watafundisha pamoja sebuleni kwa Rispah. Walianza na masomo ya Biblia aliyokuwa nayo Selipher, na Mwanaidi akamwondoa mwanawe kimya kimya. Wakajaribu kitabu cha Mwanaidi, Selipher akaumwa kichwa mpaka darasa likavunjika. Hapo Rispah akaketi na simu yake akatafuta, akapata: mtaala wa nyumbani usio na dini yoyote, unaofundisha kwa vitabu vya hadithi. Mtoto anasomewa, anasoma, anasimulia. Basi.

"Hauna dini ya mtu," aliwaambia wenzake, "kwa hivyo hautamuudhi mtu."

Masikini Rispah.

Vitabu vya mtaala huo walivinunua kwa mama mmoja Mfilipino aliyekuwa akihama Riyadh, vikaja kwa basi kutoka mtaa wake wa Sulimaniyah, kasha zima, vina picha za kupendeza. Selipher akashauri wavipitie kwanza kabla watoto hawajavishika. Wakakubaliana kwa moyo mweupe kwamba kitakachomkera mmoja, kinatoka.

Mwanaidi alianza na nguruwe waliovaa suruali. Halas, nje. Akafuata mbwa aliyelala kitanda kimoja na mvulana. Selipher naye akatoa kile cha familia iliyokwenda ufukweni Jumamosi ikala kamba, maana aliona dhambi mbili katika ukurasa mmoja, ya Sabato na ya chakula. Mchawi alitoka bila mjadala. Kisha Selipher akainua cha sungura anayesema.

"Na huyu amekosa nini?" Rispah aliuliza.

"Mama Ashley, mnyama akishaanza kusema, hapo pana pepo. Nyoka wa Edeni alianza hivyo hivyo."

"Hapo umesema kweli," alisema Mwanaidi, ambaye hakuwahi kukubaliana na Selipher hata juu ya bei ya nyanya sokoni.

Rispah alicheka moyoni, akajiona yeye ndiye mwenye akili peke yake. Alijiona hivyo mpaka alipofungua kitabu cha msichana anayemwita baba yake kwa jina na kumwambia hataki kula. Damu ikamchemka. "Hiki hakikai nyumbani kwangu," akasema, akakitupa juu ya nguruwe. Mtaala haukuwa na dini hata moja. Wao walikuwa nazo nne, ukihesabu na adabu.

Kasha likabaki na kitabu kimoja. Chembamba, cha msichana anayekwenda kukaa kwa nyanya yake shambani. Kuku, ng'ombe wa maziwa, nyanya anamsuka nywele, usiku wanalala pamoja. Selipher alikisoma mara mbili akitafuta kosa, akalikosa.

"Alhamdulillahi," alisema Mwanaidi.

"Amina," akajibu Selipher.

Wakakisoma kila asubuhi, mwezi nenda mwezi rudi. Ashley alikishika kuliko wenzake wote. Alijua herufi, akajua maneno, akaanza kusoma hata maandishi ya sabuni na ya mafuta ya kula. Rispah akaanza kulala tena.

Desemba Zablon akaketi kwenye kochi ajionee. Ashley akakisoma kitabu chote. Zablon akashuku amekikariri, akampa karatasi ya dawa ya kikohozi. Ashley akaisoma nayo, akajikwaa kwenye jina la dawa tu, ambalo Zablon mwenyewe hulikwepa.

"Nimeshindwa," Zablon alisema. "Mtoto anabaki."

Rispah akamshukuru Mungu wake kwa sauti, madirisha wazi. Lakini Ashley alikuwa akiwatazama, uso umemshuka.

"Nabaki wapi?"

"Hapa kwetu, mama," Rispah alimwambia.

"Lakini ulikuwa unanisomea kila siku." Midomo ilianza kumcheza. "Mimi nilijua nikishajua kusoma ndio naenda kwa nyanya. Sitaki kubaki. Nataka kwenda."

Zablon alimgeukia mkewe, bila ubaya. "Kitabu hiki ulikichagua wewe?"

"Ndicho kilichobaki," Rispah alisema, na machozi yakamtoka.