Kihara Kinyozi na Majaji wa Italia

Kihara alikuwa kinyozi pale Wamagana, na walikuwako wanaume waliopanda mlima kuja kumsikiliza hata kama nywele zao hazijakua. Redio yake ilikaa rafuni karibu na chupa ya spiriti. Kila jioni ilimletea habari za Ulaya, na kufikia asubuhi habari hizo zilikuwa zimekwisha kuwa maoni yake mwenyewe. Hakuwa amewahi kufika mbali kuliko Nairobi, lakini alizungumza juu ya Roma na London kama mtu aliyeacha viatu vyake huko.

"Munajua kwa nini paundi ya Mwingereza ilianguka mwaka jana?" aliuliza, mkasi ukiwa hewani. "Waliifunga kamba moja na pesa ya Mjerumani. Sasa wewe funga mbuzi na fahali pamoja. Fahali akitaka kwenda mtoni, mbuzi atasema nini?"

Wakacheka. Akawaeleza watu wa Denmark walivyoukataa mkataba wa kuungana na wenzao, wakaulizwa upya mwaka huu, wakakubali. "Kule raia akikataa anaulizwa tena kwa adabu. Hapa akikataa anaulizwa na rungu."

Lakini alichokipenda zaidi ni habari za Italia, ambako majaji walikuwa wakiwakamata wakubwa wa vyama na matajiri waliokula pamoja nao. Hapo sauti yake ilishuka kama ya mhubiri. "Jaji anakunywa chai yake asubuhi, anavaa koti, anaenda kushika mkubwa. Mkubwa mzima! Na unajua ni kwa nini anaweza? Raia wa kule akiona kitu, anasema ameona. Sisi hapa hatukosi sheria. Tunakosa kifua."

Wiki hiyohiyo, siku ya soko, Kihara alitoka mlangoni kukung'uta kitambaa chenye nywele. Pikapu ya diwani Mutahi ilikuwa ikiteremka kutoka upande wa kiwanda cha kahawa, ikiyumba. Ikaacha barabara, ikaingia kwa akina mama wanaouza kabeji, ikamgonga Murugi aliyekuwa ameinama akipanga mzigo wake. Ikasimama karibu sana na Kihara, naye akaona vizuri ndani yake. Mutahi ndiye aliyeshika usukani, macho yamemwiva kwa pombe. Dereva wake, kijana Muchangi kutoka Embu, alikuwa kiti cha pili, mkono mmoja bado ukijaribu kuuvuta usukani.

Watu walimkimbilia Murugi, maana alikuwa analia kwa sauti ya kutisha. Walipokuja kuangalia gari, Mutahi alikuwa tayari ameshuka kwa mlango wa mbali, na Muchangi amesukumwa mpaka kwenye usukani. Diwani akatazama huku na huku, akamwona Kihara.

"Kihara, umeona vile hii kijana ameniharibia gari?"

Safu yote ile ya vyumba ilikuwa ya Mutahi, kile cha kinyozi kikiwemo.

"Pole, mheshimiwa," Kihara akasema.

Murugi alivunjika nyonga. Muchangi akashtakiwa. Yeye alisema kwamba si yeye aliyekuwa akiendesha, lakini nani angemwamini dereva anayesema hakuwa dereva? Mkewe, Mbeti, alizunguka soko lote akitafuta shahidi, mtoto mgongoni. Wote walimwambia ukweli: walipogeuka kuitazama gari, walikuwa wamechelewa. Mwisho akaja kwa kinyozi.

"Baba Ngendo, gari ilisimama hapa kwa mlango yako. Ulikuwa hapa."

"Nilikuwa hapa, mama."

"Basi uende tu useme chenye uliona. Hata kama ni kidogo."

Hakuweza kumkatalia usoni. Akajiambia labda kesi itakwisha kabla hajaitwa. Haikwisha. Aliitwa mahakamani Nyeri, akaapa, akaulizwa ni nani aliyekuwa akiendesha. Muchangi alikuwa kizimbani akimtazama bila kupepesa. Nyuma, kwenye benchi, Mutahi alikuwa akipangusa kofia yake.

"Nilikuwa nimeinama," Kihara akasema. "Nilikuwa nakung'uta kitambaa. Sikuona."

Muchangi akafungwa. Pale nje kwenye ngazi Kihara alitaka kupita haraka, lakini Mbeti alimfuata, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante kwa kuja, Baba Ngendo. Umefunga kazi yako kwa sababu yetu. Wengine walikataa hata kufika."

Alilia huku akimshukuru.

Tangu siku hiyo redio ilibaki kimya. Wateja waliuliza habari za Italia, akawaambia betri zimeisha. Siku moja Mutahi mwenyewe aliingia, akaketi, akafunikwa kitambaa shingoni.

"Leo umenyamaza kama kanisa Jumatatu," diwani akasema. "Hebu tuambie ile ya majaji. Watu wanasema unaieleza vizuri sana."

"Ni mambo ya mbali, mheshimiwa."

"Mbali, ndiyo! Na yakae huko huko mbali!" Mutahi akacheka mpaka kitambaa kikatikisika, na wateja waliokuwa wakingoja kwenye benchi wakacheka pamoja naye. Kihara naye akajisikia akicheka. Alipomaliza kumnyoa alikataa malipo, kisha akajichukia kwa kuyakataa, maana ilionekana kama zawadi.

Msimu wa mavuno Mbeti alirudi, amebeba kikapu cha njahi, maharagwe meusi ya kwao. Alikuwa amekonda. Siku hizi alichuma kahawa kwenye mashamba ya watu.

"Sina kitu kikubwa," akasema akikiweka kikapu mezani. "Nimeona nisikae bila kushukuru. Na iko kitu nataka kukuuliza. Wewe unajua sheria za nje. Huko Ulaya, kesi kama ya Muchangi ingeenda aje?"

Aliuliza kwa unyofu, kama anayemwuliza daktari. Kihara aliangalia njahi zile. Zilikuwa zimechaguliwa moja moja, hakuna jiwe hata moja wala iliyotobolewa na wadudu. Alitafuta maneno yake ya zamani, hakupata hata moja lenye kusimama.

"Ingeenda vile vile," akasema. "Huko pia jaji hakuwa ndani ya gari. Anangoja mwenye aliona."

"Na kama hakuna mwenye aliona?"

"Alikuwako." Akashika ukingo wa meza. "Mama, niliona. Ni Mutahi alikuwa anaendesha. Muchangi alikuwa anavuta usukani atuokoe."

Mtoto mgongoni akaanza kulia, Mbeti hakumbembeleza.

"Nilikushika mkono," akasema hatimaye. "Pale kwa ngazi. Nilikushika mkono nikikushukuru."

"Niliogopa. Chumba ni chake."

"Chumba!" Alikitazama kile chumba, kioo chenye ufa, kiti, rafu, kana kwamba anatafuta ni kipi kati ya vyote kilichokuwa na thamani ya mumewe. Kisha akachukua kikapu chake akatoka.

Jioni hiyo Kihara alimweleza mkewe yote. Mama Ngendo alikuwa akimenya viazi, hakuinua kichwa.

"Nilijua," akasema. "Tangu ulipoacha redio. Nilikuwa nangoja uniambie, sasa nimechoka kungoja. Kesho uende."

Alikwenda Nyeri kwa wakili Gatobu, aliyekubali kuipeleka kesi kwenye rufani. Mahakama Kuu ikakubali kumsikiliza shahidi upya, na habari zikafika Wamagana kabla yake. Siku ya kusikilizwa, benchi za nyuma zilijaa wateja wake, walewale waliokuwa wakicheka kuhusu mbuzi na fahali. Alisema yote aliyoyaona. Halafu jaji akavua miwani.

"Ulikuwa umeapa mara ya kwanza. Kwa nini ulidanganya?"

Kihara alisikia mtu akikohoa nyuma yake. Alijua ni nani, hata vikohozi vya wateja wake alivijua.

"Niliogopa kufukuzwa kwa chumba, mheshimiwa."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Jaji alimwambia kwamba kiapo cha uongo nacho ni kosa linaloweza kumpeleka gerezani, na kwamba mtu mwingine alikuwa amelala huko kwa niaba ya woga wake. Kihara aliitikia "ndiyo" kwa kila neno, kichwa chini, jasho likimtiririka ndani ya shati la kanisani.

Muchangi akaachiliwa, na Kihara akaondoka na onyo. Mutahi aliitwa kuandikisha maelezo, akaajiri mawakili, na kesi yake ikawa ya kuahirishwa na kuahirishwa. Chumba alikitaka siku hiyo hiyo. Kihara akahamishia kiti chake kwenye kibaraza cha fundi cherehani, akawa ananyoa upepo ukimpeperushia nywele za wateja usoni. Baadhi ya watu walimpongeza. "Umekuwa kama wale wa Italia," mmoja akamwambia, na Kihara akamwomba sana asirudie maneno hayo.

Alimwona Muchangi kwa mara ya kwanza sokoni, akitembea na Mbeti, suruali imemlegea kiunoni. Kihara aliacha mteja nusu kichwa akawaendea.

"Muchangi, ndugu yangu. Nimekukosea sana. Nakuomba msamaha."

Kijana alimtazama kama alivyomtazama kutoka kizimbani.

"Pale ndani nilikuwa najua unaniona," akasema. "Nilikuwa nafikiria, huyu mzee ni mtu wa maneno mingi, hawezi kosa moja ya kunisaidia."

"Nisamehe."

"Nimesikia."

Mbeti aliinamisha kichwa kidogo, ile salamu ya mtu anayepita tu, kisha wakaenda kununua vitunguu. Kihara alisimama katikati ya soko, mkasi mkononi, mpaka mteja wake alipomwita kwa sauti aje amalizie upande uliobaki.