Benchi za Mwaka wa Pili

Kila mwaka Profesa Anatole anashuka kutoka Bukavu kuja kuua watu kwa chimie, somo la kemia. Neno hilo la kuua si langu, ni la wanafunzi wenyewe. Anafika Baraka juu ya pikipiki, vumbi mpaka ndani ya masikio, na kozi ya miezi mitatu anaimaliza kwa wiki moja, kwa kuwa Uvira nako wanamngoja. Jumamosi anatoa mtihani. Sitasema ni mtu mbaya. Chujio nalo si baya, linapitisha kadiri lilivyotobolewa.

Mimi natengeneza redio karibu na soko na kukodisha baffle, zile spika kubwa za arusi na mikutano. Ndiyo maana wananiita Papa Baffle. Shule sikuenda mbali, nimesoma kwenye magazeti yaliyofungia sabuni. Lakini kwa ajili ya hizo baffle nimehudhuria matokeo yote ya chuo chetu, Institut Supérieur La Jetée, tangu kilipofunguliwa. Siku hiyo majina yanasomwa hadharani. Aliyepita mama yake anammwagia poda nyeupe kichwani na watu wanaimba naye njia nzima. Aliyeanguka hasomwi. Anasimama tu, jina linafuata jina, mwisho secrétaire anakunja karatasi. Mwenye baffle hana kazi nyingine saa hiyo ila kusikiliza, na mimi sisahau.

Nadège, binti ya Mama Félicité wa Lweba, alikuwa ameshaanguka chimie mara moja. Ukianguka mara ya pili, chuo kinakufungia mlango. Anataka kuwa laborantine, mtu wa kupima damu pale hospitali. Gad, mtoto wa wafugaji wa milimani aliyekuwa akimwelekeza hesabu, yeye alianguka mara zote mbili na sasa anachimba dhahabu Misisi. Mashimo ya Misisi yamejaa vijana wanaoweza kukutajia tableau ya Mendeleïev, lile jedwali la elementi, kwa moyo. Hakuna anayewauliza.

Wiki ya kozi Nadège alipita kwangu kuchaji simu.

"Profesa alianza na nini mwaka huu?" nikamwuliza.

"Aliingia, akatuangalia. Akasema: 'Muko bengi sana. Chimie itanisaidia.'"

"Imusaidie nini?"

"Kupunguza, Papa Baffle."

Alisema hivyo akicheka, jinsi watu wanavyocheka kwa daktari wa meno. Kisha akanieleza kuhusu swali la tano. Maswali manne yanatoka katika yale aliyoandika ubaoni. La tano, kila mwaka, linatoka katika kurasa alizoruka kwa haraka ya safari. Kwa hiyo safari hii kurasa hizo ndizo Nadège alizosoma kwanza, peke yake, usufi masikioni kwa sababu ya makelele ya nyumbani.

"Na tukipita bote," akasema, "tutakaa wapi? Chumba ya mwaka wa pili inabeba batu makumi ine tu."

Nikaweka chini chuma cha kuchomelea. Arobaini. Chumba kile nakijua. Wazazi ndio waliochoma matofali yake, mimi nikiwa mmoja wao, na kilikuwa kirefu mara mbili. Halafu Mkurugenzi wa chuo akakikata kwa ukuta katikati, nyuma ikawa nyumba ya jeep yake. Tangu mwaka ule, kila mwaka wamepita arobaini. Mwaka wa risasi, arobaini. Mwaka ziwa lilipopanda mpaka kwenye madirisha na mtihani ukafanyiwa kanisani, arobaini. Nilikuwa nikidhani nazeeka na majina yanafanana. Chimie gani hii isiyojua vita wala mvua?

Jumapili nilikwenda Lweba kumwambia Mama Félicité. Alikuwa anageuza mihogo juani, hakuacha kugeuza.

"We unasema mutoto wangu anakatwa juu ya kiti?"

"Kwa sababu ya kiti, Mama."

"Kiti inakosaka Fizi?"

Kwetu Fizi benchi ni za kanisa, na za kanisa ni za wote. Mtu akifiwa, bamama wa kwaya wanazibeba kichwani mpaka kwenye kilio, na siku ya kuondoa kilio zinarudi, kila moja na herufi za kanisa lake zimepakwa rangi ubavuni. Mama Félicité ni mwimbaji wa kwaya. Aliongea na wa Lweba, hao wakaongea na Wakatoliki wa Baraka. Jumatatu asubuhi, walimu wakiwa wamejifungia kupanga matokeo, msafara wa benchi ukashika barabara.

Hapo ndipo mambo yalipochukua njia yake. Mtu wa Fizi akiona benchi kichwani hafikirii masomo.

"Mama Féli! Kilio ya nani?" mwuza dagaa akapaza sauti.

"Bado hajakufa," akajibu bila kugeuka, shingo chini ya mzigo. "Leo ndio banamumaliza."

"Yesu! Wapi?"

"Kule La Jetée."

Dagaa zikafunikwa. Mwingine akafunga duka. Tulipofika uani kwa chuo, nyuma yetu kulikuwa na watu wengi kuliko benchi. Wakaketi jinsi wanavyoketi kwenye kilio, bamama upande huu, wanaume kule, wengine wamejifunga kitambaa kichwani tayari. Na kwetu huwezi kuinuka kwenye kilio kabla hujaambiwa marehemu ni nani na anazikwa lini. Ni adabu.

Mkurugenzi akatoka, kalamu mkononi.

"Nani amewaita hapa?"

"Pole sana, Papa Directeur," bibi mmoja akamwambia, mkono kifuani. "Utuambie marehemu."

"Hakuna marehemu!"

"Basi mugonjwa. Iko wapi, tumusalimie?"

"Hakuna mugonjwa! Hii ni école, ni shule!"

Bibi akamtazama kwa huruma, kama mtu ambaye uchungu umempotezea akili. Ndipo Mama Félicité akasimama.

"Hizi benchi ni za mwaka wa pili. Tulisikia batoto hawana pa kukaa. Tumeleta."

"Mama, asante. Lakini mutoto anapita kwa akili, hapana kwa benchi."

"Sawa," nikasema mimi. "Mwaka jana walipita wangapi?"

"Arobaini."

"Mwaka juzi?"

Akaitazama kalamu yake.

"Na mwaka wa risasi? Nilikuwa na baffle zangu pale pale uliposimama."

Kwanza alicheka mtu mmoja, kule nyuma. Kisha kicheko kikapita benchi hadi benchi, na kwenye kilio kicheko ni kitu kibaya, hakirudi nyuma. Profesa Anatole alikuwa mlangoni, kopi za mtihani kwapani. Hakucheka, hakukasirika. Alikuwa anaangalia benchi, midomo ikienda polepole. Anahesabu, nikajua.

Mkurugenzi alitoa amri watu waondoke. Nani aondoke? Marehemu hajatajwa. Wakakaa.

Alasiri wakaniita nifunge baffle. Secrétaire akasoma majina mpaka arobaini, akanywa maji, akaendelea. Nadège alisomwa karibu na mwisho. Mama Félicité alikuwa na poda kifuani tangu asubuhi, akaimwaga yote mpaka mtoto akawa hana nyusi. Wale waliokuja kulia waliimba. Mimi nilikuwa nimehesabu. Benchi moja inabeba wanne. Waliozidi arobaini walienea katika benchi zetu sawasawa, hakuna mmoja aliyebaki amesimama, hakuna nafasi iliyobaki wazi. Jioni jeep ilisukumwa nje, benchi zikaingia mahali pake.

Nadège alimkuta Profesa akifunga begi lake nyuma ya pikipiki. Nilikuwa pale pale nakunja nyaya.

"Profesa, swali la tano. Nilipata?"

"Umepita, mademoiselle. Félicitations."

"Asante. Nauliza swali la tano."

Akavuta kamba, akaijaribu kwa mkono.

"Kusahihisha, sikufika kwa namba tano."

"Ya kwangu?"

"Ya mtu yeyote. Wakati haukutosha. Mwaka jana pia." Akapanda. "Si umepita? Unataka nini tena?"

Pikipiki ikaondoka. Nadège alibaki katika vumbi lake, mweupe juu ya weupe. Watu walikuwa wanamwita aje kucheza, mama yake kwa sauti kubwa kuliko wote. Hakwenda. Aliingia kule ilikokuwa jeep, sakafu bado inanuka mafuta, akaketi kwenye benchi yenye herufi za kanisa la Lweba.

"Papa Baffle, niazime kalamu."

"Mama yako anakuita."

"Nasikia. Lakini mi nitapima damu ya batu. Nani ataniambia kama najua?"

Nikampa kalamu. Akakunjua karatasi ya mtihani juu ya magoti, poda ikadondoka juu yake, akaipuliza, akaanza swali la tano upya.