Tutapiga Minova

Tangazo lilikuwa na mistari minne, na Godelive alilichapa mwenyewe kwa mashine ya parokia:

«Kila Jumatano saa kumi: mazoezi, Muhumba.
Tarehe 9 Oktoba: tutapiga Luberizi.
Tarehe 16: tutapiga Minova.
Kila mutu alete chombo yake. Kamyo haitangoja mutu.»

Neno «ukulele», gitaa dogo la nyuzi nne, aliliacha kwa makusudi. Wanamuziki wa kikundi cha kanisa, ambao wangesafiri kwa lori moja, walikuwa kumi na wanne, na kila mmoja alijua anachopiga. Godelive hakupenda maneno yasiyo na kazi.

Siku mbili baadaye aliitwa kwenye ofisi ya waasi waliokuwa wakiutawala mji. Alifuatana na papa Mushagalusa, kiongozi wa kikundi, aliyekuja na ukulele yake ndani ya mfuko wa unga. Tangazo lilikuwa mezani kwa komanda, na neno «tutapiga» limepigiwa mstari mara mbili.

«Njo wewe uliandika hii?»

«Ndiyo, afande.»

«Mazoezi kila Jumatano. Watu kumi na ine, na kamyo. Luberizi, kisha Minova.» Alimtazama. «Maman, mutapiga Minova na nini?»

Hapo ndipo Godelive alipoisoma karatasi yake kwa macho ya askari. Hakuwa na la kuilaumu. Ilikuwa amri safi ya vita, haikukosa hata tarehe.

Mushagalusa alitoa ukulele mfukoni.

«Na hii, afande.»

«Hii ni gitari ya mutoto?»

«Hapana, imeshakomaa. Haiongezeke tena.»

Komanda aliigeuzageuza, akachungulia tunduni, kisha akamwamuru apige. Mushagalusa akapiga wimbo wa matoleo hadi ubeti wa pili. Askari wa mlangoni akaanza kuitikia.

«Inaua mutu?» komanda akauliza.

«Kwa makelele tu, afande.»

Komanda akacheka. Godelive hakucheka, alikuwa anatazama kalamu ya komanda, iliyolala juu ya ombi lao la ruhusa ya safari. Miezi kumi na minne iliyopita alimpeleka binti yake, Élodie, kwa bibi yake Minova kwa likizo kubwa. Mwezi wa nane vita vikaanza, barabara ikafungwa. Mtoto hakupitishwa vizuizini bila mzazi wake, na Godelive alikuwa ameomba ruhusa ya kusafiri mara tatu akanyimwa. Vikundi vya kanisa ndivyo vilivyopewa. Ndiyo sababu, katika umri wa miaka thelathini na tisa, alijifunza ukulele.

Komanda alisoma orodha ya majina kwenye ombi hilo, akatia sahihi, akagonga muhuri. Kisha akafuta jina moja.

«Muende, mupige mupendavyo. Ule aliandika atabaki. Siku mutakuwa inje, atakuja hapa kila asubuhi. Musiporudi wote, tutaulizana na yeye.»

«Afande,» Mushagalusa akasema, «mutoto wake iko Minova. Mimi nitabaki pa nafasi yake.»

«Wewe uliandika?»

Mushagalusa akarudisha ukulele mfukoni.

«Saa ngapi asubuhi?» Godelive akauliza.

«Saa mbili.»

Nje, Mushagalusa alisimama katikati ya barabara, karatasi ya ruhusa mkononi.

«Hatuendi, maman Godelive. Tunaacha yote.»

«Mukiacha, watasema ilikuwa kweli ya vita. Mutaenda.»

«Na Élodie? Nimulete?»

«Kwenye barrière ya kwanza watauliza mama yake iko wapi.»

Mushagalusa akainamisha kichwa. «Basi nimwambie nini?»

Godelive alifikiri. Yote aliyotaka kumwambia mtoto yalikuwa ahadi, na hakuwa na hata moja ya kuiwekea tarehe.

«Mwambie asimame juu ya karatasi,» akasema. «Uzungushe kalamu pembeni ya unyayo, mguu wa kuume na wa kushoto. Uniletee. Sijui tena anavaa viatu namba ngapi.»