Cheti Halisi cha Inosenti

Inosenti Marko alijaribu kumuua diwani wetu siku ya Jumamosi, saa kumi jioni, kwenye uwanja wa mnada hapa Karatu, mbele ya watu kama mia nne. Silaha aliyotumia nilimchomelea mimi.

Bomba lilipasukia nyuma. Badala ya kumtemea diwani misumari, lilifumuka upande wa kitako likamkata Inosenti vidole vitatu vya mkono wa kulia. Kifuniko kiliruka kikampiga Sebastiani, mpiga kinanda wa kwaya, kikamvunja mfupa wa bega. Diwani Silvanus alikuwa hatua nne tu mbele ya Inosenti. Alianguka kwa kishindo cha mlipuko, akainuka mzima, ila sikio la kushoto halikusikia tena.

Sababu ya kupasukia nyuma naijua. Lilikuwa bomba la maji, lile jeupe lenye zinki. Ukitaka kulichomelea vizuri lazima uisage zinki kwanza mpaka chuma chenyewe kionekane. Ukichomelea juu ya zinki, kwa nje panaonekana safi, kwa ndani pana vitundu kama mkate. Siku ile umeme ulikuwa unakuja na kukatika, foleni ya kazi ilikuwa ndefu, nikachomelea hivyohivyo.

Mjini walinitania mpaka nikachoka. Aliyezidi ni Loserian, mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi lililo jirani na karakana yangu, mtu wa Olbalbal.

"Fundi Wili," alisema, "wewe ndiye fundi pekee nchi hii aliyeokoa kiongozi kwa kazi mbovu. Wakupe medali, lakini wasikupe geti la kutengeneza."

Mimi niliishia darasa la tano. Kazi nimejifunza kwa kuungua. Na katika kazi yangu sikuwa na mazoea ya kuuliza. Ukileta geti nachomelea geti, ukileta jembe nachomelea jembe, mambo yako ni yako. Kijana yule alikuja Jumanne asubuhi, akaniamkia kwa adabu, akasema, "Fundi, nizibie mdomo huu, na hapa nitobolee kitundu kidogo." Nikamwambia akae kwenye benchi asubiri. Alikaa saa mbili bila kushika simu. Nilipomkabidhi aliligeuza, akalitazama, akashukuru, akaondoka.

Polisi waliponiuliza aliniambia bomba ni la nini, nikasema la tembo. Huku pembeni ya msitu wakulima hutumia vipande vya bomba kupiga mlipuko tembo waondoke kwenye mahindi, nami nimetengeneza vingi. Jibu likaandikwa, nikatia sahihi. Lakini Inosenti hakuwa ameniambia la tembo. Hakuwa ameniambia kitu.

Niliporudi karakana ndipo nilipoanza kujiuliza ni mtu gani huyu. Hakuwa mlevi. Hakuwa na chama kinachompinga diwani. Tena nilisikia kwamba wakati wa kampeni ndiye aliyebeba spika ya Silvanus kijiji hadi kijiji. Mtu anabebaje spika ya mtu, halafu anakuja na bomba? Miaka ishirini na tisa nimefanya kazi bila kuuliza mtu kitu, na sasa nikawa naamka na maswali kabla sijanawa uso.

Nilianza kwa Loserian, kwa sababu nilikuwa nimemwona kijana akikaa naye dukani.

"Huyo? Namjua," alisema. "Alikaa kwetu Olbalbal kiangazi kizima, anachunga ng'ombe wa kaka yangu. Mtoto wa wachuma kahawa, lakini anasoma nyayo kuliko vijana wetu. Siku moja chui alibeba mbuzi. Inosenti akafuata nyayo peke yake tangu asubuhi, akamkuta amelala chini ya mwamba, mguu mmoja mbovu. Mkuki anao. Akarudi zake."

"Hakumpiga?"

"Hakumpiga. Kaka alikasirika sana. Akamuuliza, ero, wewe kijana, kwa nini umemwacha? Akasema, yule ana njaa tu, hakunidharau."

"Sasa diwani alimdharau nini?"

Loserian alinitazama kama mtu anayetazama ng'ombe asiyetaka kunywa maji.

"Fundi, humkumbuki kweli? Kamuulize mama yake. Mimi nikikwambia utasema Mmasai ananisingizia."

Mama yake anaitwa Benedicta. Nilichukua bodaboda mpaka Oldeani, ile barabara ya kukung'uta figo, nikamkuta kwenye kambi ya wachuma kahawa, katika chumba kimoja kati ya safu ndefu ya vyumba vya zamani. Alitoka Singida akiwa msichana, akaja kuchuma msimu mmoja, akabaki miaka ishirini na sita. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nilimwambia mimi ni nani. Hakuacha kuchambua.

"Karibu, baba. Kaa hapo kwenye ndoo."

Nilimuuliza mwanawe alikuwa mtu wa namna gani. Akaingia ndani, akatoka na karatasi ndani ya mfuko wa nailoni. Ilikuwa kivuli cha cheti cha kidato cha nne. Kiingereza changu ni kidogo lakini namba nazijua. Divisheni tatu. Jiografia B. Baiolojia C.

"Alitaka kuwa askari wa wanyamapori," alisema. "Tangu mdogo. Nafasi zinatangazwa mara moja kwa mwaka, na ukishafika miaka ishirini na tano hawakuchukui. Wakati wa kampeni Silvanus alipita hapa kambini, akawaambia vijana, mwenye cheti aniletee nimpeleke kazini. Mwanangu akampelekea kivuli. Akakikataa. Akasema kivuli hakina nguvu, lete halisi."

"Akampa halisi."

"Akampa. Wewe ungemnyima? Mtu mkubwa kasema halisi."

Ningempa.

"Akabeba spika miezi miwili. Uchaguzi ukaisha. Akaenda kukidai, akaambiwa njoo Jumatatu. Akaenda Jumatatu, mheshimiwa yuko kwenye kikao. Akaenda tena, mheshimiwa amesafiri. Amekwenda mara kumi na nne, nilikuwa namfulia shati kila mara, ndiyo maana najua. Nafasi za mwaka wa kwanza zikapita. Za mwaka wa pili zikatangazwa. Basi akaenda kwenye mkutano wa hadhara, ule wa mwezi wa tatu, akanyoosha mkono. Akapewa kipaza sauti. Akasema, mheshimiwa, naomba cheti changu."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Nilikumbuka kabla hajamaliza.

"Silvanus akasema, kijana, cheti chenye sifuri kikipotea, kimepotea na nini? Mwenye kukiokota atakurudishia mwenyewe, hakimfai." Benedicta alipepeta ungo mara moja, makapi yakaruka. "Watu walicheka sana. Wewe ulikuwepo, fundi?"

"Nilikuwepo."

"Ulicheka?"

Ningeweza kusema sikucheka. Hakuna aliyeshika hesabu ya waliocheka.

"Nilicheka, mama."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa kwamba basi limeshapita.

"Basi nisaidie jambo moja," alisema. "Najua ulichowaambia polisi. Kesi ikifika, rudia hivyohivyo. La tembo. Alikwenda pale kuwatisha kwa mlipuko, hakwenda kuua. Ukisema hivyo atafungwa kidogo, nitamwona akitoka. Ukisema vingine nitazikwa hayupo."

Nilimwambia nitakuja tena, nikarudi mjini na vumbi mpaka kwenye kope.

Kesho yake nikaenda kwa Silvanus. Tulisoma wote darasa la kwanza mpaka lile la tano nililoishia, kwa hiyo naweza kuingia kwake bila kuitwa. Alikuwa barazani na pamba sikioni, anaongea kwa sauti ya mtu aliye ng'ambo ya korongo.

"Wili! Mwokozi wangu! Kaa upande huu, huo mwingine umekufa."

Nikamuuliza cheti cha yule kijana kiko wapi.

"Cheti gani?"

"Cha Inosenti. Halisi."

Alifikiri. Kisha akasimama, akaenda kwenye gari lake lililokuwa uani, akafungua kile kisanduku cha mbele ya kiti cha abiria, akatoa bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na vyeti tisa. Akavipitisha kimoja kimoja kama karata.

"Hiki hapa."

"Kilikuwa humu siku zote?"

"Kingekuwa wapi?"

"Alikuja mara kumi na nne."

"Wanakuja watu wengi, Wili. Angeniambia tu kwamba ana haraka nacho."

Nikakiangalia. Divisheni tatu, sawasawa na kivuli.

"Mbona ulisema sifuri?"

Aliweka mkono nyuma ya sikio zima, nikarudia. Hakuona aibu hata kidogo, na hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote.

"Siasa. Watu walikuwa wamesinzia, jua kali. Nilitafuta kitu cha kuwaamsha." Akanipiga begani. "Na wewe uliamka. Nilikuona."

Nikamwomba cheti, akanipa. Hakuuliza nakipeleka wapi.

Inosenti nilimwona mahabusu. Mkono umefungwa bandeji, umebaki kidole gumba na kidole cha mwisho. Aliniamkia vilevile kama siku ile ya benchi.

"Kijana," nikamwambia, "nina maswali."

"Uliza, fundi. Siku ile ulikuwa huna."

"Ulitaka kumuua kweli?"

"Ndiyo."

"Barabara yetu ina wachomeleaji wanne. Kwa nini ulikuja kwangu?"

Alitabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza.

"Siku ya mkutano ulikuwa umesimama karibu yangu, kama kutoka hapa mpaka ukutani pale. Ulicheka mpaka ukajifuta machozi. Nilipofika kwako sikujua kama utanikumbuka. Ukaniangalia usoni, ukaniambia kaa kwenye benchi. Nikasema, huyu ndiye. Huyu hata akiulizwa hatajua mimi ni nani."

Nilimweleza ombi la mama yake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Usiseme la tembo," alisema. "Nakuomba. Ukisema hivyo nitakuwa yule mjinga aliyekwenda mkutanoni na bomba la kufukuzia tembo. Watacheka tena, fundi. Watacheka Karatu nzima mpaka Wasso. Nifungwe kwa nililofanya."

"Mama yako atakufa hujatoka."

"Najua."

Nikatoa cheti mfukoni, nikamwonyesha. Askari alituangalia, akaacha. Inosenti hakukigusa. Alikisogelea tu akasoma jina lake.

"Hawajakikunja?"

"Hawajakikunja."

"Kitunze."

Kesi ilichukua mwaka na miezi kabla ya mimi kuitwa. Usiku kabla ya kwenda sikuwa na uamuzi. Mama alikuwa na haki, na mtoto alikuwa na haki, na mimi nilikuwa na ngozi yangu ya kuokoa, maana ukisema ulijua, umejifunga mwenyewe. Wakili wa serikali akasoma maelezo yangu ya polisi, akaniuliza kama ni yangu.

"Sahihi ni yangu," nikasema. "Maneno si kweli. Hakuniambia la tembo. Hakuniambia kitu."

"Wewe ulidhani ni la nini?"

"Bomba la tembo ni fupi na halina kitundu pale alipotaka kiwe. Nilipomaliza kutoboa nilijua si la tembo."

"Ulijua, na ukaendelea?"

"Ndiyo."

"Kwa nini hukumuuliza?"

"Sikuwa na mazoea ya kuuliza."

Mtu akacheka nyuma ya chumba, wakafuata wengine. Jaji akawanyamazisha. Niliona Inosenti amegeuka haraka kutazama kicheko kinamwelekea nani. Alipoona ni mimi, akageuka mbele, akakaa vizuri kitini. Benedicta alikuwa kwenye benchi la mwisho. Alisimama akatoka kabla sijashuka kizimbani.

Hesabu yake ni hii. Inosenti vidole vitatu na miaka ishirini na miwili jela. Alipofanya lile alikuwa amebakiza miezi mitano kufika umri wa kukataliwa. Mimi miezi kumi na minne jela kwa kutengeneza silaha, na mashine yangu ya kuchomelea, iliyochukuliwa kama kielelezo na haijarudi. Sebastiani bega lake limeunga vibaya, mkono haufiki kwenye kinanda, kwaya inaimba bila ala. Silvanus sikio moja. Bado ni diwani. Wale vijana wengine wanane walirudishiwa vyeti vyao wiki iliyofuata hukumu. Sita umri ulikuwa umewapita, wawili walichukuliwa kazini. Benedicta aliondoka Oldeani kurudi Singida na begi moja, baada ya miaka ishirini na minane ya kuchuma kahawa. Nilimpigia simu mara tatu. Mara ya tatu alipokea, akasikia ni mimi, akakata.