Daftari la Pili

Placidia hakuwa mtu wa kupiga hodi. Alhamisi ile mchana aliingia uani kwa Kokushubira, akakalia kinu kilicholazwa, akasema hana habari yoyote. Ukimsikia Placidia anasema hana habari, jua ipo, tena nzito.

Mambo yalikuwa hivi. Asubuhi, kwenye majamvi ya kuanikia kahawa kwa Rwegoshora, katekista Byabato alifika na daftari la jalada la bluu. Alikuwa amelikuta kwenye benchi la kanisani akaujua mwandiko wa Frateri Muhangi, mwana wa Kokushubira, aliyekuwa hapa kijijini Bugomora kwa likizo ya seminari. Akadhani ni mafundisho mema. Akawanyamazisha wanawake waliokuwa wakigeuza kahawa, akafungua, akasoma kwa sauti ile ile ya kusomea Injili: Mungu hayupo, na sababu ya kwanza ni hii.

"Alisoma sababu ngapi?" Kokushubira aliuliza.

"Tatu. Yeye mwenyewe alikuwa anatetemeka, lakini alishaanza, angeishia wapi?" Placidia akashusha sauti. "Ya tatu ni Evangelina wako, Ma Muhangi. Hakuandika jina, ila nani asiyejua? Mtoto aliyeombewa na kanisa zima, akafa na surua yake."

Kokushubira alikuwa anamenya ndizi. Kisu kikasimama. 

Kila mtu alijua utaratibu wa mafrateri. Likizo ikiisha, Padre wa misheni huandika barua ya mwenendo na kuitia sahihi. Bila sahihi hiyo frateri harudi seminari, na upadre umekwisha. Muhangi alikuwa amebakiza miaka miwili. Jumatatu, lori la kahawa lingempeleka Bukoba.

"Na Byabato yuko wapi sasa?"

"Amepanda baiskeli kwenda misheni. Padre anakuja, mwenzangu. Anakuja kupekua."

Muhangi alikuwa mbugani kwa mjomba wake, kwenye ng'ombe. Placidia alipoondoka kuwahi nyumba nyingine, Kokushubira aliingia chumbani kwa mwanawe. Hakujua kusoma. Chini ya godoro la nyasi mkono wake uligusa jalada, akalivuta. Bluu, kama lile alilosimuliwa, limejaa wino mpaka pembeni. Ikiwa moja limetuua, alijiambia, hili je?

Alilipeleka jikoni. Alichana kurasa na kuzisukuma katikati ya mafiga, chini ya chungu cha ndizi. Karatasi ziliwaka upesi. Jalada lilikataa, likajikunja likitoa moshi mchungu, akalikandamiza kwa kijiti huku masikio yake yako nje. Lilipogeuka jivu ndipo akaisikia pikipiki ya Padre ikipanda kutoka bondeni.

Watu waliifuata. Uani palijaa kama siku ya kupeleka posa. Walikuja majirani, wakaja na wale waliokuwa wamenuniana naye tangu mavuno. Hakuna aliyeulizia rubisi, pombe yetu ya ndizi, na kwa watu wetu hiyo peke yake ilitosha kumwogopesha mtu. Byabato alisimama karibu na mgomba, kofia mikononi, hamtazami mtu. Muhangi naye akatokea anahema, kanzu imejaa mbigili. Alikuwa ameshasimuliwa njiani.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padre," Kokushubira alisema.

"Milele amina, mama."

Padre alikuwa mzungu aliyezeekea Karagwe, hakuna neno lililompita. Hakufoka. Alimwonyesha Muhangi daftari, akamuuliza kama ni mwandiko wake. Muhangi akakubali. Akamuuliza kwa nini ameanza na mtu anayekataa. Muhangi akajibu kwamba ndivyo walivyofundishwa kwenye falsafa: anayekataa hutangulizwa, aseme mpaka aishiwe, ndipo ajibiwe. Yeye alitaka kuona kama kazi hiyo inawezekana kwa maneno ya watu wa hapa.

"Utaratibu huo naujua tangu kabla hujazaliwa," Padre alisema. "Lakini sisi tunaufanya kwa Kilatini, ndani ya kuta. Wewe umewapa watu sumu kwa lugha wanayoisikia wote. Dawa yake iko wapi?"

"Iko kwenye daftari la pili, Padre. Nalileta."

Aliingia ndani. Kokushubira alisikia godoro likigeuzwa, kisha sanduku likiburutwa, kisha kimya.  Muhangi alipotoka mikono mitupu, uso wake ulikuwa ule wa utotoni, siku alipopotea mbugani wakamkuta jioni. Watu walianza kutazamana. Kokushubira akinyamaza, angejiokoa yeye na kummaliza mwanawe.

"Nimelichoma mimi," alisema.

 Padre alitazama moshi wa jikoni.

"Mama, umechoma majibu, umeacha maswali."

Akatoa hukumu yake palepale. Muhangi aliandike upya daftari la pili. Jumatatu, kabla ya lori, Byabato atalisoma kwenye majamvi yale yale, kwa masikio yale yale. Dawa ikionekana, atatia sahihi. Isipoonekana, Muhangi hatapanda lori.

Ijumaa Muhangi alijibu sababu ya kwanza. Jumamosi ya pili. Jumapili baada ya misa alikaa mbele ya karatasi mpaka jua likahama ukutani, wino ukakauka kwenye ncha ya kalamu.

"Mama, ya tatu sikumbuki niliijibuje."

Hapo hofu ilimshika Kokushubira kuliko siku ya pikipiki. Kisha akakumbuka likizo nzima ilivyokwenda: yeye anamenya ndizi, mwanawe anamjaribia maneno yake kabla ya kuyaandika. Akavuta kikapu, akashika kisu.

"Niulize kama ulivyoniuliza siku ile."

Muhangi alisita. Kisha akauliza: aliyemwombea mtoto wake, mtoto akafa, atajuaje kama kuna anayesikia?

Siku ile alikuwa amejibu akiwaza chumvi. Sasa alikiweka kisu kikapuni.

"Evangelina alipokufa nilimgombeza Mungu siku tatu. Jikoni, shambani, kisimani. Nilichoka mimi, yeye hakuondoka. Mtu hawezi kugombana siku tatu na mahali patupu."

"Ndivyo ulivyoniambia?"

"Sijui, baba. Ndivyo ninavyosema leo."

Kalamu ikaanza kutembea.

Jumatatu Byabato alisoma, safari hii polepole, kila neno analipima kabla halijatoka. Ilipofika sababu ya tatu, wanawake waliacha kugeuza kahawa. Padre alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba hiyo bado si hoja inayotosha. Lori lilikuwa limeshafika, dereva anapiga honi. Padre alimtazama Kokushubira, kisha akaiweka barua juu ya tandiko la pikipiki, akatia sahihi.

Ila madaftari yote mawili aliyatia mkobani mwake. Alimwambia Muhangi kwamba kuanzia siku hiyo aandike Kilatini.

"Mbona hucheki?" Placidia alimgusa begani. "Mwanao si huyo, amepona."

Lori liliondoka na vumbi lake. Kokushubira hakulitazama. Alitazama mkono wa Padre unaofunga kifungo cha mkoba, mle alimo Evangelina na zile siku tatu za kumgombeza Mungu, akajiuliza ni nani kule misheni atakayeyasoma maneno yale, na siku hiyo watamtafuta nani, mwanawe au yeye aliyeyasema.